Lori la Shemeji Asubuhi ya Baridi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni ya kutoka jikoni hadi barazani. Majuzi nilitolewa kupeleka vyombo vya binti wa dada yangu, bibi harusi, kutoka Kwale hadi Msambweni. Kitanda kilikuwa lazima kitandikwe kabla ya nikaha, ama wakwe watuseme mpaka Shimoni.

Nikawahi kiti cha mbele. Shemeji Bakari, mwenye lori, akaliwasha. Likakohoa, likanyamaza. Akajaribu tena, wapi.

Kulikuwa na baridi, na mafuta yangu ya nazi yalikuwa yameamka yameganda chupani. Basi nikajua.

"Shemeji, dizeli imeganda."

"Dizeli igande kwa baridi ya Kwale?"

"Wewe endesha. Mambo ya mafuta tuachie sisi wapishi."

Maji yakatelekwa. Wajomba, wamekwisha vaa kanzu, wakalimwagia tangi maji ya moto, kisha wakalifunika kwa blanketi jipya la bibi harusi. Blanketi likanuka dizeli, lori likakohoa vilevile, dada yangu akaanza kulia.

Bakari akachungulia mbele ya magoti yangu.

"Shemeji, pochi umeitundika wapi?"

"Hapa kwenye kishikizo. Kilikuwa kifupi, nikakivuta kidogo."

"Hicho ndicho cha kuzimia injini. Kikivutwa, dizeli haipiti."

Akaniwekea pochi mapajani, akakisukuma kishikizo, akawasha. Lori likanguruma papo hapo. Wajomba wakanigeukia, kanzu zimelowa mpaka magotini. Dada akafuta machozi, akanifungulia mlango.

"Teremka, ndugu yangu. Utakaa nyuma na masufuria."