Tyubu Nene

Kila mashindano yakikaribia, yule dada mwendesha baiskeli hufika kwenye duka la vipuri akazichambua tyubu utadhani anachagua mchumba. Kila moja huijaza upepo kidogo, akaipitisha karibu na midomo huku amefumba macho, kuona kama inavuja. Midomo, husema, haidanganyiki kama vidole. Muuzaji humkodolea macho hadi anasahau wateja wengine. Safari hii dada aliziacha tyubu nyepesi, akachukua nene.

“Wenzako wote wamechukua nyepesi, dada. Hizi si zitakuchelewesha?”

“Wenzangu wanafuatwa na gari lenye magurudumu ya akiba, kaka. Mimi nikipata pancha, nyuma yangu ni vumbi tu.”

Siku ya mashindano muuzaji alifunga duka, akasimama kando ya barabara. Dada alipita katikati ya kundi, tairi zote mbili zimejaa, naye muuzaji akamshangilia mpaka sauti ikamkauka.