Toazi Lililopasuka Siku ya Pasaka

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengine mengi yameshanitoka. Nilikuwa na miaka ishirini, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, nikijifunza kufua matoazi kwa Mzee Nestori. Baba yake alikuwa fundi wa kazi hiyo, na babu yake pia, wakizitengenezea kwaya za kwetu Burundi. Mzee aliyeyusha shaba pamoja na bati, akaimimina iwe kama mkate mnene. Kisha tuliupasha moto na kuugonga, tukaupasha tena na kuugonga, mpaka ukawa sahani pana inayolia. Sheria yake ilikuwa moja: toazi likishapoa, usiligonge. Lirudishe motoni kwanza.

Wiki ya Pasaka mzee alishikwa na homa, nikabaki peke yangu karakanani. Kuni zilikuwa zimeloa, nami nilichoka kupuliza. Nikaligonga toazi la kwaya likiwa baridi. Likalia "tik", sauti ndogo kama ya ukucha unaokatwa. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele. Nikaupaka nta na masizi, nikalisugua toazi mpaka likang'aa, nikalipeleka mwenyewe kwa kwaya.

Siku ya Pasaka, katika wimbo wa pili, dada Anastazia wa kwaya aliyapiga matoazi, moja likapasuka na kumkata kiganja. Damu ikachuruzika kwenye sare yake nyeupe. Mwalimu wa kwaya akafoka mbele ya watu wote, "Nestori, tulikuomba toazi, umetuletea kifuniko cha sufuria?"

Watu wakacheka. Mzee, aliyekuja ibadani na homa yake, aliliokota, akakwangua ufa kwa ukucha, nta ikabaki kwenye ukucha. Akanitazama. Kisha akasema, "Kosa limetoka karakanani kwangu. Nisameheni."

Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu.

Baada ya hapo hakuna kwaya iliyoagiza kitu kwake. Toazi lile alilitupa nyuma ya karakana. Nikaliokota kwa siri, sijui kwa nini. Baadaye tukahamishiwa Marekani, safari zikatutenganisha. Yeye alipelekwa Columbus, mimi Louisville, kwenye maghala ya huku Okolona, ambako nimebeba maboksi mpaka mgongo ukakataa. Mara moja nilienda Columbus harusini, nikamwona amekaa safu mbili mbele yangu. Nikatoka kabla ya chakula. Nilijiambia nitampigia simu. Unazijua simu za namna hiyo.

Mwaka huu nikasikia amehamia Buffalo kwa binti yake, karibu na Grant Street, na kwamba amepata kiharusi. Nikapanda basi na lile toazi ndani ya begi.

"Shikamoo, mzee," nikasema, hata sijaketi. "Mimi ndiye niliyelipasua. Nililigonga likiwa baridi."

"Marahaba. Na hilo sufuria lako umelibeba mpaka huku?" Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilijua siku ileile, Zakaria. Nilikuwa nangoja uje useme, nikufundishe kulitia toazi sauti. Hiyo kazi ya mwisho sijamfundisha mtu."

"Nifundishe sasa, mzee."

Binti yake alikuwa ametuwekea chai. Mzee alijaribu kukishika kijiko kwa mkono wa kulia, kama mtu anayeshika nyundo. Kikaanguka. Basi akanieleza kwa mdomo: nyundo ndogo, anzia ukingoni, nenda kitovuni, sikiliza.

"Nigonge kwa nguvu kiasi gani?"

"Mkono ndio unaojua," akasema, akautazama mkono wake.

Nimejaribu mara kadhaa kwenye gereji ya nyumbani kwangu. Toazi ninalofua halilii. Kanisani kwetu vijana wanapiga matoazi ya dukani, yanalia vizuri, siyasemi vibaya. Lakini kazi ya mzee ilikwama kwangu, na niliikwamisha kwa kunyamaza.

Mwanangu, ukiharibu kazi ya mtu aliyekuamini, mwambie siku hiyohiyo, mbele ya walewale waliomcheka. Aibu ya kukiri utaimaliza kwa wiki moja. Mimi yangu nimeibeba tangu ujana, na imemnyima mzee mwanafunzi, ikaninyima mimi ufundi, na wewe ikakunyima kitu ambacho hata hutajua kilikuwaje.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri, na akukutanishe na uliyemkosea wakati mkono wake bado unaweza kushika nyundo.