Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Kuka

Vita vya Ghuba nilivitazama kwa jirani yetu seremala, hapa mtaa wa Tena, Nairobi, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na televisheni kwenye ploti. Vijana walijaa kwake mpaka mlangoni. Bomu likishuka wanapiga makofi, utadhani bao limeingia. Kuka wangu, ndivyo tunavyomwita babu kwetu, alipewa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi. Akakaa na fimbo katikati ya magoti, akalitazama lile jangwa.

"Mzee," seremala akamwuliza, "nasikia wewe ulipigana Burma. Mlikuwa na ndege kama hizo?"

"Tulikuwa na nyumbu wa mizigo."

Watu wakacheka. Kuka akangoja wamalize.

"Hawa wanakula nini?" akauliza. "Siku nzima mnaonyeshwa moto. Sijaona mtu akipika."

"Huyu buda naye!" kijana mmoja akasema. "Mzee, hao wanakula vya mkebe."

"Hata sisi tulipewa vya mkebe. Nataka kumwona anayeibeba hiyo mikebe."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiachia kidato cha pili, nikawa nafuma sweta za wanafunzi kwa mashine, pale pale sebuleni. Kazi ile haitaki akili yote. Mkono unapeleka kule, unarudisha huku, na akili unaiachia izurure. Yangu ilizurura sana. Nimekuwa rubani, nimekuwa mtangazaji wa redio, nimehamishia familia nzima Komarock kwenye nyumba yenye bafu la ndani, na hapo sijamaliza hata mgongo wa sweta moja.

Jumamosi nilikuwa naenda maktaba, na baada ya vita vya televisheni nikaanza kumletea Kuka vita vya vitabuni. Nilimsomea Waethiopia walivyowashinda Waitaliano pale Adwa. Nilimsomea Wagiriki wachache walioziba njia nyembamba jeshi la Uajemi lisipite. Natafsiri nikienda, na Kiingereza kikinishinda naruka. Kuka alisikiliza vizuri, lakini maswali yake hayakuwa kitabuni. Siku niliyomsomea Wafaransa walivyokwenda Moscow wakarudi wakiganda kwa baridi, aliniuliza:

"Huyo mkubwa wao alikuwa anatembea?"

"Alikuwa na farasi, Kuka."

"Basi hakujua."

Kisha siku moja akaniambia, "Mama, nitafutie habari yetu sisi wa Burma." Ananiita Mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na kwetu ukipewa jina la mtu unakuwa mtu huyo kidogo. Hata akinituma chumvi ananituma kwa adabu.

Yao niliipata kwenye kitabu kinene ambacho hakiazimwi, nikainakili kwenye karatasi. Ilikuwa mistari mitatu. Divisheni ya Waafrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, ikapigana hadi mto Chindwin, ikavuka. Nikamsomea.

"Halafu?"

"Halafu wanaanza habari za jeshi lingine."

"Aliyebaki kabla ya mto hawakumwandika?"

"Hawakumwandika."

Alikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa koti. Nilijua anamuulizia nani. Nyumbani kwetu hakuna asiyejua, ni vile tu hatukuwa tunasema.

Kuka na kaka yake waliandikishwa jeshini siku moja. Walisimama mstarini, mkubwa mbele, mdogo nyuma, wakapewa namba zinazofuatana. Walikwenda pamoja mpaka Burma. Kwenye kilima kimoja kabla ya ule mto, kaka yake akapigwa risasi ya tumbo. Kuka na wenzake walimbeba kwenye matope mpaka mahali pa majeruhi, wakamlaza chini ya turubai. Alikuwa akiongea, akiomba maji. Kuka akaamriwa arudi mbele. Kesho yake alipopata ruhusa ya kwenda kumwona, turubai halikuwepo. Hakuna aliyejua majeruhi wamepelekwa wapi. Wengine walisema India. Kikosi kikavuka mto.

Huku nyumbani, magharibi mwa Kenya, barua ikafika kwa chifu. Ilikuwa na namba ya askari na jina la baba: mwana wa fulani amefariki. Wana wa fulani walikuwa wawili, na namba za jeshi hakuna aliyezijua. Karani akauliza, ni yupi? Mama yao ndiye aliyejibu. Akasema ni mdogo. Hakuwa na sababu, isipokuwa mdogo ndiye aliyeugua sana utotoni, ndiye aliyekuwa akimlilia tangu waondoke.

Kwetu mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, roho isizurure. Basi wakakata mgomba, wakaufunga shuka, wakautajia jina la Kuka, wakalia matanga yote, wakauzika.

Vita vikaisha, na Kuka akarudi kwa miguu yake.

Hakuruhusiwa kupita langoni, maana alishazikwa. Walitoboa ua upande wa nyuma, wakachinja kondoo, wakampaka yaliyokuwa tumboni mwa yule kondoo, ndipo akaingia. Sasa hesabu ilikuwa rahisi: kama aliyezikwa yuko hai, aliyekufa ni yule mwingine. Lakini mama yao alikataa mgomba wa pili. "Nimeshazika mtu aliye hai mara moja," alisema. "Siziki tena kwa barua." Kuka naye hakubisha, kwa kuwa alimwacha kaka yake akiongea. Huenda yuko India, ameoa. Yule mama akangoja mpaka akafa akingoja. Kuka alishindwa kuamka kila asubuhi anaona kaburi lake, akaja Nairobi. Alipanga Pumwani miaka mingi, akalinda geti la kiwanda mpaka akastaafu, kisha baba yangu akamleta kwetu Tena.

Yote hayo yangebaki hadithi kama moyo wake haungechoka. Mwaka ule wa vita vya televisheni miguu ilianza kuvimba, na usingizi akawa anaulala amekaa. Daktari alimwambia baba yangu kando kwamba moyo umetanuka, hana miaka mingi. Kuka hakuhitaji kuambiwa. Tatizo lake halikuwa kufa.

"Nitazikwaje?" alimwuliza baba. "Kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Yeye hajazikwa. Mimi mmeshanizika."

"Mzee, ule ni mgomba tu."

"Kama ni mgomba tu, nikifa nitupeni shambani."

Baba alitoka nje akasimama kwenye ngazi. Ni mtu wa kiwandani, amezoea shida zenye spana yake.

Barua ya kumuulizia kaka yake niliiandika mimi. Kuna ofisi mjini inayoshughulika na askari wa zamani, nikaenda na sweta yangu nzuri. Kuka hakukumbuka jina la kile kilima, lakini namba yake aliitaja kama mtu anayeitwa mstarini, na ya kaka yake ni hiyo hiyo ukitoa moja. Karani akaandika. Akaniambia barua kama hizo zinatumwa ng'ambo, nivumilie.

Nilivumilia kwa furaha, lazima niseme ukweli. Kwa akili yangu ile, nilishamwona mzee mmoja India, mwenye masikio kama ya Kuka, ana duka la vitambaa na wajukuu wanaosema lugha sijui gani. Nilishampokea uwanja wa ndege. Nilishampa chai. Kila Ijumaa baba akirudi kazini, maana tulitumia sanduku la posta la kiwanda, namtazama mikono kabla ya uso.

Ilifika baada ya miezi mingi, imepigwa taipu, nusu ukurasa. Baba alinipa niisome. Kuka alikuwa kitandani, mgongo ukutani, na seremala alikuwa amekuja kumjulia hali.

Niliisoma kwa sauti ile ile ninayosomea vipimo vya sweta: kifua, mkono, urefu. Askari mwenye namba hiyo alikufa kwa majeraha. Hana kaburi linalojulikana. Jina lake limechongwa ukutani kule Burma, pamoja na wengine wasio na makaburi.

"Siku gani?" Kuka akauliza.

Nikaisoma siku. Akaihesabu kwa vidole, akirudi nyuma kutoka siku waliyovuka mto, akarudia tena.

"Ndiyo ile niliyokwenda nikakosa turubai," akasema. "Alikuwa papo hapo karibu."

Seremala akavua kofia.

"Mama, huo ukuta una kichwa na miguu?"

"Hapana, Kuka. Ni ukuta."

"Basi si kaburi."

Nilingoja nilie. Mimi ni mtu wa kulia, nalia hata paka wa ploti akikanyagwa mkia, nalia wakisoma salamu za wagonjwa redioni. Hapo hakuja kitu. Ilikuwa kama kidole kilichopigwa sindano ya ganzi, unakiona ni chako, unakigusa, hakijibu. Nilirudi kwenye mashine nikamaliza mkono wa sweta, nikaukagua, haukuwa na kosa hata moja. Yule mzee wa India mwenye duka nilimtafuta usiku kitandani kama ninavyotafuta ndoto zangu nyingine. Hakuwepo.

Tulisafiri kwenda nyumbani mwezi wa nane, mimi, baba na Kuka. Baba mdogo, mtoto wa binamu yao anayelitunza boma, alikuwa ameshakata shina la mgomba na kuliegemeza ukutani, zuri, limenyooka. Jembe liko tayari. Wazee wanne walikuja, wakakaa kwenye viti vya kanisani.

Kuka alilitazama lile shina, akalitazama na kaburi lake la zamani, mawe machache na majani.

"Msichimbe," akasema.

"Mzee," baba mdogo akasema, "tumekubaliana kwa barua. Tumzike kaka yako leo, roho zitulie."

"Ameshazikwa. Siku ile mliyolia, mtoto aliyekufa vitani ni mmoja, na mama yetu alimlilia huyo. Matanga yalikuwa yake. Jina tu ndilo walilomkosea. Sasa mnataka kumzika mara mbili, mimi mnibakishe humo?"

Mzee mmoja akasema jambo hilo halijawahi kufanyika. Mwingine akasema hata kumzika mtu aliye hai halikuwa limewahi kufanyika mpaka walipolifanya. Wakavutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishowe yule mkubwa wao akauliza, ikiwa jina litabadilishwa, nani mwenye kulibadilisha? Aliyelitaja ni mama mtu, na mama mtu hayupo.

Kuka akanielekezea fimbo.

"Yupo. Amekaa pale anakunywa chai."

Niliweka kikombe chini. Nilidhani watakataa, msichana wa Nairobi aliyevaa suruali. Hakuna aliyekataa. Shangazi mmoja aliingia ndani akaniletea leso nijifunge. Nikaambiwa nisimame upande wa kichwa, nichukue udongo, niondoe jina la kwanza, niite la pili mara tatu. Mengine hayanihusu.

Udongo ulikuwa mwepesi, umechanganyika na mizizi. Nikasema kwamba humu hayumo mdogo. Nikaliita jina la mkubwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Sauti ilitoka sawasawa, haikutetemeka, kama si mimi. Kisha nikasema yale ambayo sikufundishwa.

"Mwanangu, nilikosea. Walisema mwana wa fulani, nikakuchanganya na mdogo wako. Hapa ni kwako."

Kuka alikuwa amesimama kando yangu, ameegemea fimbo kwa mikono miwili, anapumua kwa shida.

"Na mimi je, Mama?"

"Wewe bado," nikamwambia. "Wewe umerudi."

Aliinamisha kichwa. Wazee wakatazama pembeni. Baba yangu akatoa leso ya mfukoni, akapenga kamasi kwa muda mrefu. Mimi nilifungua mkono, udongo ukaanguka, na nikaona kwamba mwingine umeingia kwenye kucha.

Baba mdogo akauliza tulifanyie nini lile shina lililokatwa. Mzee mkubwa akasema ng'ombe wanakula.

Kuka alikuwa ameshaondoka. Alizunguka kaburi la kaka yake polepole mpaka upande wa pili, penye mahindi, akalaza fimbo chini, akapima kutoka pale hatua moja, mbili, mpaka urefu wa mtu ukatosha. Akamwita baba yangu. Baba hakusogea, basi nikaenda mimi, nikaiokota ile fimbo na kumpa.

"Hapa," akasema. "Lakini mwambie baba yako msiharakishe. Haya mahindi hayajakomaa."