Hodi ya Tatu

Mwongozaji wetu, mama wa makamo aliyekimbia vita Syria, alikuwa ameandika tamthilia ya mtu mmoja. Mtu huyo anarudi kutoka vitani na kusimama nje ya mlango wa kaka yake. Kwao kama kwetu, ukibisha mara tatu usijibiwe, unaondoka. Huyu haondoki. Mara tatu anamsemesha kaka yake, na baada ya hapo anabaki kujisemesha mwenyewe.

"Hapo ndipo monolojia inapogeuka uzungumzi nafsi," aliniambia. "Mlango usiponyamaza, hakuna kinachogeuka."

Nilikuwa nimemaliza shahada ya sanaa za maonyesho, na kazi yangu ilikuwa kupanga maboksi kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alinikubalia niicheze kwa Kiswahili, kwanza kwa majaribio mbele ya watu wetu wa huku ughaibuni, kwenye ukumbi mmoja wa Rexdale, mtaa wa pembezoni mwa jiji. Ikifaulu, ningeicheza hivyohivyo kwa Kiswahili katikati ya jiji. Isipofaulu, kulikuwa na mwigizaji mwingine aliyekwisha kuihifadhi kwa Kiingereza.

Nilitafsiri mwenyewe. Pale anapobisha nikaandika "Hodi". Wiki ya onyesho, ndani ya basi la barabara ya Kipling, nikashtuka: nani kati ya watu wetu ataacha hodi ipite bila kuitikia? Nikafikiria kugonga tu. Lakini mtu wa kugonga tu ni polisi au mleta pizza, si ndugu. Nikapitiliza kituo changu.

Nyumbani nikamwonya mama.

"Nikisema hodi, usiitikie."

"Mtu mzima mimi niache hodi inaning'inia? Unanitafutia dhambi wewe."

"Mama, ni mchezo."

"Hata kama. Haya, nitajiziba mdomo."

Jumapili alasiri, taa zikazimwa.

"Hodi, kaka."

"Karibu!" akaitikia mama mmoja kutoka nyuma, kwa adabu zote. Watu wakacheka. Mama yangu, safu ya pili, alikuwa na kiganja mdomoni. Kando ya jukwaa mwongozaji hakuelewa neno, lakini kicheko alikielewa. Alikuwa amekunja mikono. Niiruke ya pili? Niiseme chinichini? Nikaisema.

"Karibuuu!" Sasa ulikuwa ukumbi mzima. Mzee mmoja akaongezea: "Pita ndani baba, viatu acha hapohapo!"

Nililosema halikuwamo kwenye maandishi. Lilinitoka kwa hofu tu.

"Kaka, unawasikia? Majirani wote wameniitikia. Bado wewe."

Vicheko vikakatika. Nikaugeukia mlango.

"Hodi."

Hakuna aliyeitikia. Mtu alianza kukohoa, akajizuia. Nikasubiri, kisha nikaanza kujisemesha.

Tulipomaliza, mwongozaji alitaka kujua nilichoongeza. Nikamweleza, nikiomba radhi kila baada ya maneno mawili. Tayari nilikuwa nawaza zamu zangu za ghalani.

"Nafasi ni yako," akasema, "na sentensi hiyo ibaki. Lakini kule mjini hawajui hodi, hakuna atakayekuitikia. Majirani utawatoa wapi?"

Mama, akifunga zipu ya koti lake la baridi, akauliza anasemaje. Nikamfasiria.

"Mwambie nitakuja," akasema, "na wale wa nyuma nitakuja nao. Ila safari hii usinizibe mdomo."