Mtani Aliyechelewa Msiba wa Tunduru

Timu ya netiboli ya chuo kimoja cha ualimu kule Matogoro, Songea, ilikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa bweni la wasichana chuoni. Ya pili ilikuwa kwa Mzee Chande, mkulima wa korosho mjini Tunduru, safari ya nusu siku kwa basi kutoka Songea. Kocha wao, Mwalimu Benigna Ngonyani wa Lizaboni, alipenda kusema kwamba ile ya pili ndiyo iliyowalea.

Undugu huo ulianza mwaka ambao timu ilikwenda kucheza Tunduru, ikakuta nyumba zote za wageni zimejaa wanunuzi wa korosho. Mzee Chande aliwakuta wasichana wamekalia mabegi kando ya uwanja.

"Wangoni hawa," alisema, "zamani walikuja na mikuki kuteka watu, leo wamekuja na mpira. Njooni mle kwanza, mtatuteka mkishashiba."

Tangu hapo, kila Agosti timu ililala kwake juu ya mikeka, na mara kwa mara binti wa mtaa ule alipanda basi kwenda Songea kusoma ualimu na kufunga mabao. Mke wa Mzee, Bi Subira, hakuwahi kumwita Benigna kwa jina.

"Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba, mwizi. Safari hii umekuja kumwiba nani?"

Ndio utani wa Wangoni na Wayao, na Benigna aliuonea fahari kuliko vikombe vyote vya kabatini.

Mwezi wa pili mwaka huu Mzee Chande alifariki. Habari zilimkuta Benigna akiwa na timu mashindanoni. Alilia, akatuma rambirambi kwa simu pamoja na ujumbe mrefu wa maneno mazuri, akaamini ametimiza wajibu.

Agosti ilipokaribia, Saada alipiga simu. Huyu alikuwa mjukuu wa Bi Subira, binti mrefu mwenye shabaha, na tayari alikwisha kupata nafasi chuoni.

"Mwalimu, bibi amesema siji Songea. Na timu itafute pengine pa kulala."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Hasemi."

Benigna alipanda basi peke yake. Alimkuta Bi Subira uani, akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Subira."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu kiti."

Mwalimu! Neno hilo la heshima lilimchoma kuliko tusi. Akaletewa chai, wakazungumzia mvua kama watu waliokutana kituo cha basi. Mwishowe Benigna akashindwa kuvumilia.

"Bi Subira, kama nimekosa, niambie."

"Umekosa nini, Mwalimu? Ulituma pole, ikafika. Hata wanunuzi wa korosho walituma." Aliupepeta ungo. "Ila mume wangu alizikwa kimya. Tulilia tukanyamaza, tukalia tena tukanyamaza. Hapakuwa na mtani wa kutuchekesha."

Ndipo Benigna alipoelewa. Mtani ana kazi yake msibani: huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, huleta fujo mpaka wafiwa wacheke na roho zipumue. Kazi hiyo haitumwi kwa simu.

Alisimama. Kofia ya Mzee ilining'inia msumarini karibu na mlango, na fimbo yake imeegemea ukuta. Benigna aliivaa kofia upande, kama mwenyewe alivyokuwa akiivaa, akaanza kuchechemea uani kama Mzee alivyokuwa akichechemea pembeni ya uwanja siku za mechi.

"Rusha, mwanangu! Huo ni mpira, si yai!" alifoka kwa sauti nzito. "Refa, Wangoni wamekuhonga ugali na mboga yao ya likolo? Subira! Subira we! Chai hii umeitia sukari, au umeisimulia tu habari za sukari?"

Saada, aliyekuwa mlangoni, aliziba mdomo kwa khanga. Bi Subira hakucheka. Lakini mtani akishaanza harudi nyuma. Benigna akaunyakua ungo. "Mchele gani huu usioiva? Mume ana njaa!"

"Mwizi mkubwa we!" Bi Subira aliruka, akachota mchele akamrushia usoni. "Vua kofia ya mume wangu! Tena hakuchechemea mguu huo, alichechemea wa kushoto!"

Akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakabaki peke yake, na Benigna akamshika mabega mpaka yakakauka.

"Sasa nilipe," Benigna alisema taratibu. "Mtani hatoki msibani mikono mitupu. Na kuku sitaki."

Bi Subira alimgeukia mjukuu wake. "Anataka kukuteka wewe huyu."

"Nimeona, bibi."

"Basi kafunge begi kabla akili hazijanirudia." Kisha akamwambia Benigna, "Na msimshindishe likolo kila siku. Timu yako ije, mikeka ipo."

Benigna alivua kofia, akamnyooshea mjane kwa mikono miwili. Bi Subira alitikisa kichwa.

"Kaa nayo mpaka siku ya mechi. Wewe usipomfokea refa, nani atamfokea?"

Benigna akaivaa tena, akaelekea stendi na Saada, akichechemea mguu wa kushoto.