Protini ya kamba iliyonirudisha mlangoni kwa Mama Odile, Kolwezi

Wakuu, salaam. Haya yalinikuta mimi, na sehemu mbaya niliifanya mwenyewe.

Niko maabara ya kamba wa kufugwa, huku pwani. Kuna kirusi cha madoa meupe, kikiingia bwawani mfugaji anabaki kushika tama.

Seli ya kamba ina protini za kupeleka ujumbe. Adui akifika, zinakimbia hadi kwenye kiini kuwasha ulinzi. Sasa kirusi hiki kinaidandia mojawapo, kinaitumia kuwasha jeni zake. Mjumbe anamfanyia adui kazi bila kujua.

Siku nilipofundishwa hilo nilitoka nje nikalia. Wenzangu walidhani nimefiwa.

Nilizaliwa Kolwezi, kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Babu aliletwa na kampuni ya mgodi kutoka mkoa wa Kasai, mbali na hapo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mgodi uliporomoka, na sisi wa asili ya Kasai tukaambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Kasai sikuwahi hata kuiona.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini. Baba akanituma nyumba kwa nyumba: Wakasai wote wakusanyike parokiani, watalindwa.

Mama Odile alikuwa mjane wa mtu wa hapo hapo. Binti yake Odile alikuwa ameolewa mji wa Dilolo. Majirani hawakujua kwamba mama huyo naye ni Mkasai, ila baba alijua.

Sisi, mkubwa wa kwenu humwamkii kwa Kiswahili, ni utovu wa adabu. Nikasimama mlangoni, nikaita kwa sauti, kwa lugha ya Kasai: "Moyo, mamu," yaani shikamoo, mama.

Kumbe vijana wa wale waliokuwa wakitufukuza walikuwa wananifuata kwa mbali, wakisikia. Sikugeuka hata mara moja.

Jioni ile walimtoa ndani na nyumba wakaichukua.

Nilimkuta stesheni, kwenye umati wa Wakasai unaosubiri treni ya kwenda Kasai, amekalia godoro lililokunjwa. Nikamwomba msamaha.

"Usilie, mutoto yangu," akasema. "Ni myaka mingi hakuna mutu alinisalimia na luga ya mama yangu."

Maneno hayo yananiuma kuliko kama angenitukana.

Alifia njiani. Treni iliposimama tulimzika kando ya reli, baada ya stesheni ya Tenke. Kaburi nililichimba mimi.

Nilichojifunza: hata ukibeba ujumbe mwema, tazama nyuma kwanza. Ningetazama, yule mama angebaki kwake.

Wajuzi wa protini hizi nirekebisheni. Mliokuwa stesheni ile, andikeni chochote.

Na kama Odile unasoma hapa: mimi ndiye niliyemwamkia mama yako. Alipolala napajua, nitakupeleka.