Hisa za Safari ya Mama

Tulipouza duka la marehemu baba, fedha zilipangiwa kazi moja: kumpeleka mama Makka. Kaka yangu anayeishi Dar alisema zisikae bure, akazinunulia hisa katika soko la Marekani, kwa jina lake peke yake. Kwetu Chemchem mirathi hukaa mikononi mwa mkubwa. Mdogo akidai igawanywe, huambiwa anakimbilia mali kabla kaburi halijakauka. Nikanyamaza.

Mimi nauza mchele wa Igunga. Nimeshaona msimu ambao kila mwenye ghala amenunua kwa mkopo. Bei ikitikisika kidogo tu, wote wanauza kwa pamoja na hakuna anayepona. Kwa hiyo katika soko lile la hisa nilijifunza kufuatilia jambo moja: jumla ya fedha ambazo watu wamekopa ili kununulia hisa. Hutangazwa kila mwezi. Ikipanda, nampigia kaka.

"Shikamoo kaka. Mikopo imepanda tena."

"Marahaba. Waache wakope, mdogo wangu. Zetu ni jasho la mzee, riba hatuijui."

Nilimwamini. Hata sokoni nilikuwa najisifu kwamba kwetu hatuna tamaa.

Bei zilipoanguka sikushtuka. Niliona watakaoumia ni waliokopa, sisi tungesubiri zipande. Siku hiyo kaka ndiye aliyepiga. Akazungukazunguka, akauliza bei ya mchele, kisha akasema hisa hazipo. Alikuwa ameziweka rehani kwa dalali ili akope na kuongeza nyingine. Bei ilipoteremka, dalali akaziuza zote kujilipa deni lake. Kumbe miezi yote ile nilikuwa namsomea mkopo wake mwenyewe, naye ananiitikia marahaba. Nilimchukia, na neno hilo silirudishi.

Kikabaki kibarua cha kumwambia mama, ambaye alikuwa ameshashona nguo za safari. Nilikaa naye uani, nikamweleza kidogo kidogo. Alinisikiliza huku akichambua mchele.

"Najua," alisema. "Aliniambia siku ile ile alipokopa. Tukaona wewe usiambiwe, ungekataa."

Akasogeza ungo pembeni, akaniangalia kwa uso wa huruma, nami nikadhani huruma ile ni yangu.

"Mpigie kaka yako," akasema. "Atakuwa hajala."